Kikundi Alichoniachia Madam Akinyi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi kule Sugoi, nje ya Eldoret, nilipewa darasa la tatu, vipande vya chaki na onyo. Onyo lilitoka kwa mwalimu mkuu, mzee mrefu aliyevaa koti zito hata jua lilipowaka. Aliniambia, "Kijana, hapa mtoto akishindwa kusoma hatuulizi amezaliwa na nani. Tunauliza alikuwa na nani."

Nilianza kufundisha kusoma jinsi nilivyofundishwa mimi. Mwalimu anasoma sentensi, darasa zima linaitikia. Njia hiyo tuliiita kusoma kwa pamoja. Sauti za watoto wangu zilifika barabarani, na wazazi waliokuwa wakipeleka maziwa walisimama kusikiliza. Nilijiona nimefika. Mwalimu mkuu akaingia, akamsimamisha mtoto mmoja na kumwambia asome sentensi kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Mtoto akatazama picha ya kitabuni, akavuta pumzi, akaanza sentensi tangu mwanzo kwa sauti ileile ya wimbo.

"Umesikia?" mwalimu mkuu akaniuliza. "Hii ni kwaya. Kwaya ni nzuri Jumapili. Leo ni Jumanne. Wafundishe kusoma."

Namshukuru Mungu kwa mzee yule. Tangu hapo nilimsikiliza kila mtoto peke yake, na jina langu likaanza kujulikana. Kutoka Sugoi nilipelekwa Kiplombe nikiwa mwalimu mwandamizi, yaani yule anayefuata baada ya mwalimu mkuu na naibu wake. Mwalimu mkuu wa pale alikuwa mama mmoja aliyependa kazi iliyoandikwa. Kila muhula alitaka azimio la kazi, ambalo ni mpango wa muhula mzima, na kila asubuhi alitaka andalio la somo, ambalo ni mpango wa kipindi kimoja. Tukinung'unika alisema, "Karatasi haimfundishi mtoto. Lakini mwalimu asiye na karatasi hujifundisha uvivu." Kwake nilijifunza utaratibu. Kisha nikapewa shule yangu mwenyewe, Yamumbi.

Vijana mnaosoma haya, mnaijua Yamumbi ya nyumba za kupangisha. Wakati ule ndiyo nyumba zilikuwa zinaota, mwaka huu shamba la mahindi, mwaka ujao ploti ya nyumba. Watoto walimiminika. Mwalimu mkuu aligeuka fundi wa vyoo, msimamizi wa mchanga na kokoto, mpatanishi wa wazazi. Nilikaa miaka bila chaki mkononi, na sikuona kwamba kuna kitu kimepungua.

Ndipo akaletwa naibu mpya, ambaye sisi shuleni humwita deputi. Alikuwa Madam Akinyi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye wazazi wake walikuja Eldoret kutoka upande wa ziwa kutafuta kazi. Wiki yake ya kwanza aliketi kwenye stafrumu, chumba cha walimu, wakati wa chai ya saa nne, akasikiliza. Siku moja mazungumzo yalikuwa juu ya watoto wa Gredi ya Nne ambao hawakuweza kusoma hata sentensi fupi.

"Hao waliletwa hivyo kutoka Gredi ya Tatu," alisema Mwalimu Rotich, aliyekuwa na darasa hilo. Rotich alikuwa mcheshi kuliko wote na mvivu kuliko wengi.

"Sisi tuliwapokea hivyo kutoka nasari," akajibu mwalimu wa madarasa ya chini.

"Nasari nao wanasema ni mama zao," akaongeza mwingine.

Madam Akinyi akaweka kikombe chini. "Na mama zao wanamlaumu nani? Mungu?"

Stafrumu yote ikacheka. Alipoona wamecheka vya kutosha, akasema, "Basi tuache Mungu apumzike. Kila mwalimu achukue watoto wachache wasiojua kusoma, wawe wake. Nusu saa baada ya chakula cha mchana. Wakisoma, ni wako. Wasiposoma, ni wako pia."

"Na mwalimu mkuu?" Rotich akauliza, akinikonyezea jicho.

"Hata mwalimu mkuu."

Wote walinigeukia. Nikasema, "Hata mimi." Ningesema nini tena?

Hapo ndipo wivu wangu ulipoanza, na nauita kwa jina lake. Katekisimu ilinifundisha utotoni kwamba wivu ni dhambi ya mzizi, huzaa nyingine. Nilikuwa nimefundisha watoto wa kanisa jambo hilo kwa miaka mingi, nikiwaeleza kwa mifano mizuri ya watu wengine.

Nilimwona Madam Akinyi kila mahali. Mchana stafrumu ilibaki tupu. Walimu ambao mimi niliwatoa huko kwa kengele, sasa walitoka wenyewe, wakaketi na watoto barazani na chini ya paa la jikoni. Rotich alikuja na pakiti tupu za unga, akazikata vipande na kuandika silabi kwa kalamu nene. Kwa miaka nilikuwa nimemwonya Rotich, mara kwa upole, mara kwa ukali. Huyu mama alimpa mkasi tu.

Siku moja mzazi alifika ofisini kwangu na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando yenye masizi, kinywaji tunachompa mtu tunayemheshimu. Nikainuka kumpokea kwa mikono miwili.

"Asante sana, Mama."

"Asante, Mwalimu. Hii ni ya Madam. Utamfikishia?"

Nikakibeba kibuyu hadi mlango wa pili, nikabisha hodi na kumkabidhi. Alicheka kwa furaha, akanimiminia kikombe. Yalikuwa mursik mazuri sana, na sikuyafurahia hata kidogo.

Jambo lililouma zaidi lilihusu Chebet, msichana wa Gredi ya Nne aliyekuwa kwenye kikundi changu, nilichokifundishia ofisini. Mchana mmoja hakuja. Nilimkuta amejibana kati ya watoto wa Madam, kwenye nyasi kando ya tangi la maji.

"Chebet, kikundi chako ni kipi?"

"Ni chako, Mwalimu."

"Sasa mbona uko huku?"

Akatazama viatu vyake. "Kwa Madam mtu anakubaliwa kukosea."

Madam Akinyi akataka kusema neno, nikamwashiria aache. Nikamwambia Chebet abaki. Nilirudi ofisini nikitabasamu kwa kila niliyekutana naye, na moyoni kulikuwa na moto.

Nilisali. Nilipiga magoti nikamwombea naibu wangu, nikimtaja kwa jina lake, na katikati ya sala nikajikuta namwomba Mungu ampeleke mbali, kwa baraka nyingi.

Haikupita muda, afisa wa elimu akaja kukagua. Alipita madarasani, akafika Gredi ya Nne, akatoa mfukoni pakiti ya dawa ya kikohozi, maana kulikuwa na baridi ya Julai, akampa Chebet asome maandishi ya Kiswahili yaliyokuwa nyuma. Chebet alisoma polepole, akasimama kwenye neno gumu, akalitazama, akarudi nyuma kidogo, akalipita. Hapakuwa na picha wala wimbo wa kumsaidia. Alikuwa anasoma.

"Nani amemfundisha huyu?" afisa akauliza.

"Ni Madam!" Rotich akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Ni shule, Bwana Afisa," Madam Akinyi akasema. "Mwalimu mkuu ndiye anatuongoza."

Hata kwa unyenyekevu alinizidi.

Ofisini, afisa alifunga mlango. "Mzee, kuna shule upande wa Sugoi haina mwalimu mkuu. Matokeo yao ni mabaya. Nimechoka kuwapelekea watu wa kukalia kiti. Nimchukue huyu deputi wako? Ukisema ndiyo, nitampendekeza. Ukisema bado unamhitaji, nitatafuta mwingine."

Fikirini jaribu hilo. Nilikuwa nimeomba aondoke, na sasa kuondoka kwake kulikuja kumevaa nguo za kupandishwa cheo. Ningesema ndiyo na watu wangenisifu kwa kumwinua mdogo wangu. Lakini nilijua ni nini kingeachwa nyuma. Kikundi chake kilikuwa cha wale wagumu, watoto ambao walimu wengine waliwarudisha kwake wakisema wameshindwa. Bado hawakuwa wameanza kusoma, ila walikuwa wameanza kujaribu. Mtoto wa umri ule akiachwa hapo, muhula unaofuata huwa amejificha nyuma ya darasa, na huko hukaa hadi anaacha shule.

Nikamwambia afisa angoje. Nikatoka kumtafuta. Alikuwa anaosha chaki mikononi kwenye bomba la tangi. Nikamweleza yote.

Akafunga bomba. "Mwalimu, sitakudanganya. Nataka kwenda. Nimeomba shule yangu kwa muda mrefu."

"Basi uende."

"Na kikundi changu nampa nani? Rotich amejaa."

"Nipe mimi."

Akanitazama usoni kana kwamba ananisoma. "Hao ni wagumu. Muhula uishe hawajasoma, itasemwa kwamba mimi niliweza na wewe ukashindwa."

"Najua."

"Na watalia."

"Walie. Hata mimi nitakuwa nalia."

Alicheka, na kwa mara ya kwanza tangu afike nilicheka naye kwa moyo mweupe, ingawa haukudumu mweupe. Nikarudi kwa afisa nikasema ndiyo. Ndiyo ya wivu na ndiyo ya haki hutamkwa sawasawa. Zinatofautiana kwa mzigo ambao msemaji yuko tayari kubaki nao.

Kabla hajahama nilimwomba jambo ambalo mwalimu mkuu haombi kwa naibu wake. Niliomba nikae nyuma ya kikundi chake nitazame. Nikaketi kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yakifika kifuani, Rotich akipita kwa mbali na kukohoa kwa kicheko.

Nilitarajia kuona ufundi mkubwa. Niliona anangoja. Mtoto alipokwama, hakumtajia neno, hakumwambia mwenzake amsaidie. Aliuliza, "Unaona nini?" kisha akanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu hata mimi nikaanza kutokwa jasho. Mtoto aliruhusiwa kusema "bado," na Madam akaitikia "haya, bado," kama mtu aliyeambiwa chai haijachemka. Mimi, ninayesifiwa kanisani kwa uvumilivu, nilikuwa nikiwapokonya watoto maneno mdomoni kabla hawajayafikia.

Aliondoka Ijumaa. Jumatatu nikawaleta watoto wangu kwa wake, nikakaa mahali pake kwenye nyasi. Mvulana mmoja, Kiplagat, alilia waziwazi. Wengine walinikagua vikali kuliko afisa yeyote.

"Madam hakai hivyo."

"Anakaaje?"

"Anakaa chini kabisa."

Nikakaa chini kabisa, na suruali yangu ya ofisini ikapata majani na udongo mwekundu. Wakaniambia Madam hashiki kitabu yeye, kinashikwa na msomaji. Nikaachilia kitabu. Kila siku walinilinganisha naye, na kila siku nilichomwa, na kila nilipochomwa nilijua jambo moja zaidi la kufanya kesho. Wageni wa ofisi nikawaambia wangoje. Mkandarasi wa vyoo alikasirika, akangoja.

"Mkuu, umekuwa mwalimu," Rotich alinitania.

"Nilikuwa mwalimu kabla hujazaliwa."

"Tulisikia. Lakini hatukuwa tumeona."

Lile neno lilikuwa la mzaha, na nililala nalo. Niligundua baadaye kwamba walimu wangu waliketi na watoto kwa bidii zaidi nilipokuwa pale nje kuliko nilipokuwa ofisini na kengele.

Muhula ulipoisha, wengi wa kile kikundi walikuwa wanasoma. Kiplagat alikuwa bado, na wenzake wawili. Sikuwaandika kama walioshindwa. Nilikaa nao muhula uliofuata, wakasoma. Mama yake Kiplagat alikuja kunisalimu ofisini, nikainuka. Akasema, "Tunashukuru, Mwalimu. Yule Madam aliwaacha na msingi mzuri sana." Nikamwambia ni kweli. Ilikuwa kweli.

Nilistaafu nikiwa Yamumbi. Siku ya kuniaga, Madam Akinyi alikuja kutoka shuleni kwake. Gari lake lilipoonekana getini, walimu wote wakakimbia kumlaki, nikabaki chini ya hema peke yangu na keki. Nikaitazama keki, nikamshukuru Mungu kwa mwanamke yule, na ninaungama kwamba shukrani na kidonda vilikuwa mahali pamoja.

Wanangu walimu, watu watawaambia muombe wivu uondoke. Ombeni. Mimi bado naomba, na uzee haujaumaliza. Lakini wakati mnangoja jibu, ufuateni wivu wenu hadi kwenye mlango wa darasa la yule mnayemwonea wivu, muingie, mkae. Pale pana kitu ambacho watoto wamekiona na ninyi bado.

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu Kiplombe, nilipita kwenye chumba cha watoto ambacho zamani nilikuwa nakiongoza mimi. Sasa anafundisha kijana wa chuo, nywele zake hazijachanwa. Watoto walikuwa wamemzingira, wakigombania kujibu, hata wale ambao kwangu walikuwa wanasinzia. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Moyo ukaniwaka palepale mlangoni.

Nikavua kofia, nikatafuta nafasi kwenye benchi la nyuma, katikati ya wadogo. Mmoja akasogea kidogo kunipa nafasi. Nikaketi.