Mtu wa Chumvi Kwenye Geti la Misheni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizoishi Sydney, mwanangu, si ile niliyopewa diploma yangu, ingawa diploma hiyo ya ufundi wa majokofu nimeitundika sebuleni na kila mgeni huonyeshwa kabla ya chai. Ni siku niliyoingia maktaba kubwa ya utafiti nikiwa na buti za kazini, kumtafuta bibi yangu.

Wakati huo niliishi Kensington, katika nyumba ya kupanga pamoja na Watanzania wenzangu. Mchana nilikuwa darasani, jioni nilikuwa Seven Hills kwenye vyumba vya baridi vya kiwanda cha nyama. Ninyi leo mna treni ya umeme inayowashusha jirani na chuo. Mimi nilisubiri basi kwenye mvua, na ada nilijilipia mwenyewe. Sioni haya kulisema.

Kilichonipeleka maktaba kilianzia nyumbani, Ugogo. Dada yangu Neema alikuwa amechumbiwa. Kwetu mahari haikamiliki mpaka wajomba wa binti wawepo. Wana ng'ombe wao, na wana mahali pao pa kukaa. Mama yetu hakuwa na kaka wala dada, na mama yake, ndiye bibi yangu, alilelewa misheni tangu akiwa mdogo. Upande wa baba yake mama hakubaki mtu, na bibi alikotoka hatukujua, kwani alikufa akiamini alivyoambiwa misheni, kwamba hana ndugu. Basi baba mkubwa, Mzee Chidosa, akatangaza kwamba fungu la wajomba atalipokea yeye, kwa sababu mke wa mdogo wake hana kwao. Alilisema mbele ya watu, mama akiwa anawapakulia chakula.

Mama hakutaka ng'ombe. Alitaka siku ile pawe na mtu wa kukaa upande wake. Aliniandikia maneno machache: "Wewe uko kwa wazungu walewale waliomlea mama yangu. Waulize mimi ni wa nani."

Alikuwa sahihi. Misheni ile ilitoka Australia, na muuguzi aliyemlea bibi alikuwa mtu wa Sydney. Nikauliza kanisani kwa wazee wao, nikaambiwa alikwisha kufa, na karatasi na picha zake zilipelekwa maktaba.

Nyumbani Kensington tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa akisomea udaktari wa falsafa. Tulimwita Daktari hata kabla hajamaliza. Aliposikia ninakokwenda, akaweka kikombe chini.

"Fundi," akasema, "kule hawahifadhi nyama."

Wote walicheka. Nami nilicheka, kisha nikachukua mkoba wangu nikaenda.

Mama wa mapokezi aliniuliza jina la ukoo. Nikampa langu, akatafuta, hakuna. Nikampa la mama, hakuna. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, mwanangu. Wenzetu jina la mwisho ni moja tangu babu wa babu. Kwetu sisi, jina langu la mwisho ni la babu yangu, la baba yangu ni la babu yake, na bibi alikuwa na jina la ubatizo na la nyumbani basi. Ukienda pale na jina lako la pasipoti ukitafuta ukoo, utaambiwa haumo. Nilirudi mikono mitupu, na Daktari akanikaribisha kwa upole uliouma kuliko kicheko. "Nilikwambia, ndugu yangu. Sisi mle hatumo."

Nililala na neno hilo. Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Safari hii sikututafuta sisi. Nilimtafuta yule muuguzi.

Wakaniletea maboksi yake. Kalamu ya wino wanakunyang'anya, unaandika kwa penseli. Katika taarifa zake nilimkuta bibi: binti yatima, mguu wa kushoto umepinda, hana ndugu yeyote. Nikasoma mara ya pili, hasira ikanipanda. Kumbe Mzee Chidosa alikuwa na shahidi.

Nikafungua picha. Bibi nilimtambua kwa ule mguu. Mguu huo niliuona utoto wangu wote, ukikanyaga kwa ubavu. Picha zilikuwa za miaka tofauti, kila moja mtoto amekua kidogo. Na katika kila moja, pembeni yake, amechuchumaa mwanamume yuleyule, ameshika donge moja la chumvi lililofungwa majani. Nyuma ya picha muuguzi ameandika: "Muuza chumvi kutoka Bahi. Yupo tena getini."

Nilicheka mpaka mtu wa meza ya pili akanigeukia. Muuza chumvi gani anasafiri na donge moja? Mchuuzi huja na punda na mzigo. Mwenye donge moja anakwenda kusalimia, kwa sababu kwetu huendi kumwona mtoto wa dada yako mikono mitupu. Na tena, mtoto yule alikuwa ameegemea goti lake. Nani amewahi kumwona mtoto akiegemea goti la mchuuzi?

Muuguzi yule alikaa kwetu hadi nywele zikaota mvi. Alijifunza lugha yetu, akampiga picha mtu huyo kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaandika kwamba mtoto hana mtu. Mimi, fundi wa majokofu, nilimwona mjomba kwa kutazama tu. Daktari nilimwekea nakala mezani. Aliitazama, akaniuliza maboksi yale yanaombwaje.

Nilirudi nyumbani na diploma na picha. Mzee Chidosa aliishika picha kwa vidole viwili. "Umekwenda mpaka Ulaya kutuletea mchuuzi?"

"Ni Australia, baba mkubwa," nikamwambia. "Na huyu si mchuuzi."

Akanicheka kwamba nitazunguka na picha kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Nikazunguka. Mimi na mama tulikwenda Bahi, kule wanakokwangua chumvi mbugani wakati wa kiangazi, tukaionyesha kila mzee gulioni. Wengi walitikisa kichwa. Kisha bibi mmoja, muuza karanga, aliipokea, akaketi chini palepale. Mtu wa kwenye picha alikuwa baba yake. Akatuambia, kabla hatujamuuliza, kwamba baba yake alikuwa na mtoto wa dada yake, mwenye mguu mbaya, aliyepelekwa kutibiwa misheni, na kila akienda kumchukua walimfukuza getini.

Siku ya mahari walikuja, yule muuza karanga na kaka zake wawili. Mzee Chidosa akauliza hawa ni akina nani. Kaka mkubwa alipita mbele yake, akaweka donge la chumvi miguuni pa mama.

"Tulikuja kila mwaka," akasema. "Leo geti liko wazi."

Mama aliinuka, akawatandikia mkeka upande wake. Mzee Chidosa akasogeza kiti chake, na ng'ombe wakapita kwenda kwa wenyewe.

Basi, mwanangu, wewe unayeelewa Kiswahili changu ukanijibu kwa Kiingereza, nisikilize. Ingia maktaba zao. Usiogope ukimya wao wala viatu vyako. Usipojikuta kwa jina, mfuate yule aliyekuja kwetu, kwa sababu mizigoni mwake ndimo tulimobebwa. Soma alichoandika, lakini usikisujudie. Mtazame mtu aliyesimama ukingoni mwa picha na ujiulize ameshika nini mkononi. Na yeyote atakayekwambia huna kwenu, awe mzee wa ukoo au msomi wa Kensington, mjibu kwa kwenda kutafuta.

Mungu akupe macho ya kuwatambua wako hata pale walipoandikwa kwa jina lisilo lao, na kila geti utakalogonga, ulikute liko wazi.