Tasbihi ya Bibi Nyuma ya Pazia

Leo nimempima mtoto bila kumwona.

Mnajua mimi ni mhudumu wa afya wa jamii kisiwani Chole. Asubuhi nimepita nyumba yenye kichanga cha siku tisa. Mama yake akasema kutoka chumbani kwamba hanyonyi tangu jana.

Bibi wa mtoto kasimama mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanamume haingii humu mpaka arobaini ipite."

Nikabembeleza. Wapi!

Na msiniambie ningeingia kwa nguvu. Kesho nani atanifungulia mlango?

Nikaona tasbihi mkononi mwake.

"Basi hesabu wewe, bibi. Kifua kikipanda mara moja, vuta punje moja. Mimi naangalia saa hapa nje. Zikifika sitini kwa dakika moja, kuna hatari."

Akaingia. Pazia likashuka.

Jamani, dakika ile ilikuwa ndefu! Nasikia punje tu, tik, tik, tik, mbio mbio.

"Tayari, bibi! Ngapi?"



"Tasbihi ya punje thelathini na tatu," akasema polepole. "Imezunguka mara mbili, na ya tatu nimeianza."

Kabla sijajibu, pazia likafunguka. Yule mtoto nisiyetakiwa kumwona akawekwa mikononi mwangu.

"Tangulia naye pwani. Navaa buibui."

Tumevuka, sasa tuko hospitali. Mtoto yuko kwenye oksijeni, mama yake kando yake. Mwombeeni, andikeni amina hapo chini.

Bibi nimekaa naye benchi moja. Tasbihi inazunguka. Sijui anaomba au bado anahesabu.