Laptop yangu inayosoma saa za Kiswahili imenikosesha ubatizo Bumbire

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenipata mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Kwa wasionijua: nina diploma ya umeme, nimepiga kazi Uarabuni miaka mingi, nimerudi na kujenga Hamugembe, hapa Bukoba. Hakuna aliyenichangia hata tofali. Nyumba ni kubwa, maji ya moto yapo, naishi peke yangu.

Mdogo wangu ni mvuvi kisiwani Bumbire. Mkewe alipojifungua, wakanichagua niwe msimamizi wa ubatizo. Mimi sina mtoto, wakuu. Hili nililitaka kuliko nilivyowaonyesha.

Akanipigia: "Kaka, ubatizo ni Jumapili asubuhi, vuka Jumamosi ulale kwetu."

Nikamwambia nitalala gesti Muleba, nitavuka na boti ya alfajiri. Nimezoea chumba changu na Wi-Fi yangu.

"Na nani atakuamsha?"

"Laptop."

Akacheka. "Oa, kaka. Utaamshwa na kompyuta mpaka lini?"

Kwa nini laptop? Simu ilikuwa imepasuka kioo, inapokea tu, na kabla ya safari nikaiacha kwa fundi Bukoba mjini. Nikaona siyo tatizo, mtu wa teknolojia hakwami.

Sasa hapa nieleze kidogo. Kule Uarabuni niliisogeza saa ya laptop mbele ili isome Kiswahili. Nyumbani ikiwa saa moja asubuhi, kioo kinaandika 1:00. Wenzangu walinicheka. Lakini nikiangalia kile kioo nilijua mama sasa yuko kwenye migomba, sasa anaondoa chungu jikoni. Ndiyo maongezi niliyokuwa nayo. Mama hayupo tena, saa sikuibadilisha.

Basi, pale gesti nikatega alarm 11:00, yaani saa kumi na moja alfajiri. Dada wa mapokezi akauliza, "Nikugongee mlango asubuhi?"

"Usisumbuke, dada. Nina mashine."

Nikaunganisha Wi-Fi, nikaiacha wazi kwenye chaji, nikalala.

Nilipoamka jua lilikuwa limejaa ukutani. Nikatoka na viatu mkononi. "Dada, saa ngapi?"

"Saa tatu. Si ulisema nisikugongee?"

Laptop ilipopata intaneti ngeni ya gesti ilidhani imehamia eneo jipya, ikajirekebisha yenyewe ikarudi saa za kizungu. Ile 11:00 yangu ikawa saa tano asubuhi. Ilikuwa bado inasubiri.

Nikachukua bodaboda hivyo hivyo mpaka mwaloni, zinakoegesha boti. Boti ilikuwa imeondoka zamani. Nikaambiwa nyingine ni kesho.

Mchungaji hufika kisiwani kwa nadra, asingeweza kungoja. Nilirudi Bukoba, fundi akanikabidhi simu, nikaiwasha. Missed calls zimejaa. Kisha ujumbe wa mdogo wangu: "Tumemwomba jirani asimamie. Mtoto hakulia hata kidogo. Pole na safari kaka."

Hakunilaumu popote. Nimeusoma mara nyingi nikitafuta lawama.

Funzo la kiufundi: ukisafiri, zima ile saa ya kujirekebisha yenyewe. La pili ni kwamba ndugu akikuambia ulale kwake, anataka ulale kwake. Alarm haimhusu.

Sijampigia mpaka leo. Nawauliza wenye uzoefu: msimamizi akiwa ameshapatikana mwingine, mimi nikivuka sasa naingia kwenye ile nyumba kama nani?

Karibuni, hata wa kunicheka.