Kiingereza cha Dirishani

Chekeni sasa hivi mmalize jamani, maana hii aibu hata mbuzi angejifunika uso.

Mwaka 2013 nilikuwa namtaka Adela wa kule Kitanga, nampenda mpaka nasahau saruji napigia plasta majivu (mimi fundi ujenzi, darasani naingia kupiga plasta tu), sasa nikasikia kwao wanataka mkwe aliyesoma, na kiherehere changu nikamwambia mshenga, "Waambie nimemaliza fomu foo!"

Siku ya kujitambulisha nakuta sebule imejaa, na baba mdogo wa Adela, mwalimu wa Kiingereza, kakaa katikati kama jaji.

"Mwidiwe, baba," nikasalimu.

"Mwidiwe. Wewe wa fomu foo, adjektivu na adverbu zina tofauti gani?"

Mshenga akaniangalia kama maiti. Lakini mimi moyo ukaruka kwa furaha! Kasulu mjini nilikuwa nimetoka kujenga darasa, na darasa la jirani walikuwa wanafundishwa hilo hilo kila siku, mwalimu simuoni ila sauti inatoka dirishani, nikalishika somo lote kama wimbo wa kwaya, maana yake sijui lakini sauti ninayo! Nikasimama, mikono nyuma: "Adjektivu diskraibu naun! Adverbu diskraibu veb!"

Makofi! Shangazi vigelegele! Nikaona mke huyooo. Si ningekaa? Lakini wimbo ulikuwa haujaisha, nikakohoa mara mbili (na kikohozi kilikuwemo), nikanyoosha kidole, kikamwangukia mama mkwe anayeingia na sinia la ugali na kunde: "Yu! Lezi! Get auti of mai klasi!"

"Amesemaje?" mama akauliza.

Mwalimu alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. "Shemeji, kasema wewe mvivu, utoke humu ndani. Na hicho kikohozi changu! Kumbe ndiye wewe ulikuwa unanigongea nyundo ukutani?"

"Ego, ni mimi, baba," nikasema, "shule sijakanyaga hata siku moja."

Nikajua Adela kaenda. Mama akatua sinia, akanitazama kutoka kofia mpaka ndala. "Basi fundi, nimeshafukuzwa, nitapikia wapi? Nijengee jiko la matofali, ndiyo tuongee habari za binti."

Nililijenga na mvua inaninyeshea, nyoka wananipisha njia, na kila mama mkwe akipita ananinyooshea kidole: "Get auti!" Adela nikapewa, ila siku hizi nikiulizwa elimu nasema nimeishia dirishani, halafu nakaa chini haraka.