Kaseti ya Rangi ya Karafuu

Maskati haina majira ya majani kupukutika. Mti wa ghafu ulio mbele ya maktaba yetu, Khuwair ya Kusini, uko vile vile mwaka mzima. Oktoba ikiingia kinachobadilika ni kimoja tu, kwamba unaweza kushika usukani wa gari adhuhuri bila kuungua vidole. Lakini mwenye maktaba alisoma nchi za baridi akarudi na mapenzi ya ajabu na misimu ya wenyewe, na mwaka huo alitaka tuwe na vuli. Aliniambia nipambe rafu moja karibu na mlango, vitabu, filamu na muziki kwa pamoja, vyote vichaguliwe kwa rangi ya jalada.

"Usisome kilichomo," alisema. "Ukisoma utaanza kuchagua kwa akili."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Maktaba yetu ni chumba kimoja kirefu juu ya duka la miwani, na kila kilichomo nimekipanga kwa mkono wangu, elimu kwa elimu, kwa miaka mingi. Nikamwambia kupanga kwa rangi ni kazi ya duka la vitambaa. Akacheka, akaniachia kikapu kitupu mezani, akenda zake.

Asubuhi hiyo nilianza kwa kinyongo. Ili nisisome, nilivua miwani. Mimi bila miwani sioni herufi hata zikiwa kubwa kama ngumi, basi majina yote yakafutika, nikabaki na rangi peke yake. Nikatembea polepole kati ya rafu, mkono mmoja ukipapasa. Hapa palikuwa na mdalasini, pale na asali, kule mwisho, karibu na dirisha, kulikuwa na rangi ya ganda la komamanga lililokauka. Kinyongo kiliniishia nikiwa sina habari. Nilikuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini na hataki kuamka. Niliokota kutu, nikaokota chai ya maziwa, nikaokota manjano ya embe lililolazwa siku mbili, na nilipovaa miwani tena adhana ya adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa na kikapu kimejaa.

Kilichokuwamo kilinichekesha. Kitabu cha magonjwa ya ng'ombe kilikuwa kimelaliana na mashairi ya mapenzi. Palikuwa na filamu ya vita, kisa machweo yaliyokuwa kwenye jalada lake, na kitabu cha kufuma ambacho hakijaazimwa tangu nikijue. Wiki hiyo hiyo askari mstaafu mmoja alikichukua hicho cha kufuma, akaniambia kwa aibu kwamba ameipenda rangi tu. Nikamwandikia bila kumuuliza la ziada.

Muziki ndio ulionipa tabu. Sahani na kaseti tulizopewa na watu waliohama zilikuwa nyingi za buluu na waridi, na rafu ilibaki na pengo upande wa kushoto. Nikakumbuka kikapu cha mama.

Nnaishi na mama yangu mtaa wa Hail, na umri wake unakaribia miaka themanini. Chumbani kwake, chini ya kabati, kuna kikapu cha ukili chenye kaseti zake za taarabu alizokuja nazo kutoka Unguja, na nyingine zilizomfuata baadaye. Nilirudi nyumbani nikamkuta amelala baada ya sala. Nikachuchumaa, nikavua miwani kama nilivyojizoeza, nikachagua tatu. Moja ilikuwa na jalada la rangi ya karafuu iliyoanikwa siku ya pili, nyekundu inayokwenda kwenye kahawia. Nilipoifungua kuhakikisha kaseti imo, kidole changu kilipita juu ya kipande cha plasta ukingoni. Nikadhani ni uchafu. Nikazitia mkobani, nikatoka kwa vidole vya miguu nisimwamshe.

Pengo likajaa. Rafu ilipendeza mpaka mimi mwenyewe nilikuwa nikipita nasimama.

Baada ya siku tatu alikuja fundi wa viyoyozi, kijana wa Kikenya ambaye kampuni yake hututumia kila baada ya miezi michache. Alisafisha machujio yake, akashuka ngazi, kisha akasimama mbele ya rafu akiwa na kitambaa mkononi. Akachukua ile ya rangi ya karafuu.

"Madam, hii rangi ni ya udongo wa kwetu kabisa," akasema. "Mvua ikinyesha inakuwa hivi. Naweza beba? Pikapu ya kampuni ni mzee, bado inacheza kaseti."

Akaniuliza imeimba nini. Nikamwambia ni taarabu za zamani, utazipenda, na wala sikuwahi kuisikiliza. Nikamwandikia wiki mbili.

Ijumaa, baada ya sala, nilikuwa jikoni nakatakata vitunguu na akili yangu ikielea mbali. Mama aliniita mara tatu. Mara ya tatu niliuliza, "Nini?"

"Mkubwa wako akikwita unamwambia nini?" sauti ikatoka chumbani. "Hivyo ndivyo nlivyokufundisha?"

"Abee, mama."

"Njoo."

Nilimkuta amekaa sakafuni, kikapu kimemwagwa, kaseti zimemzunguka. Siku hizi naye hasomi herufi, macho yamepata ukungu, na huzijua kaseti zake kwa rangi.

"Iko wapi ile nyekundu? Ya rangi ya karafuu?"

Nikamwambia. Nilitegemea anigombe, nami nilishajiandaa na majibu yangu. Lakini alishika mkono wangu, wenye harufu ya vitunguu vile vile.

"Ile si nyimbo," akasema. "Ile sauti ya mama yangu."

Hapo ndipo nilipokumbuka plasta. Watu wetu waliokuja Oman miaka ile na waliobaki Unguja walikuwa hawaandikiani sana. Walikuwa wakirekodi. Kaseti tupu zilikuwa hazipatikani, basi mtu alichukua kaseti ya taarabu, akaziba kwa plasta vile vitundu viwili vya ukingoni ili ikubali kurekodiwa upya, akazungumza mle ndani, akampa msafiri aitie kwenye mzigo pamoja na karafuu na iliki. Mtoto yeyote wa nyumba zetu mwenye umri wangu anajua kwamba kaseti yenye plasta ni barua. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikalishwa mbele ya redio niwasalimie mashangazi nisiowajua. Nilijua, na vidole vyangu viliigusa ile plasta, nami nilikuwa nimeshughulika na rangi.

Mama akanieleza siku ile jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Alipofuatana na baba yangu kuja huku, bibi yangu mzaa mama hakutaka. Siku ya safari bibi alijifungia chumbani, na mama aliomba radhi mlangoni, akiongea na mbao. Baada ya miezi minane kaseti ikaletwa. Aliisikiliza mara moja. Ilikuwa lawama mwanzo mpaka mwisho, na ya mwisho kabisa ilikuwa hii: umeondoka bila radhi yangu. Wiki mbili baadaye zikaja habari za msiba wa bibi.

Kwa asiye wa kwetu nitasema hivi tu: radhi ya mama unaiomba ukisafiri, unaiomba ukiolewa, unaiomba akiwa kitandani anakata roho, na akishafukiwa hakuna mtu duniani wa kukupa kwa niaba yake. Mama yangu alikuwa ameishi umri wake wote Maskati akijiona hana. Kila Ijumaa huitoa kaseti ile, huishika kidogo, huirudisha kikapuni.

"Ndiyo sauti pekee nilonayo," akasema. "Ya hasira, lakini yake."

"Na upande wa pili?"

"Upande wa pili taarabu. Nani alikuwa na maneno ya kujaza pande zote mbili? Niletee kaseti yangu, mwanangu."

Nilipiga simu ya fundi, imezimwa. Nikapiga kwa kampuni yake, wakaniambia yuko Qurayyat, anatengeneza ghala la baridi la samaki, na atarudi katikati ya wiki. Sikungoja. Jumamosi asubuhi nikawasha gari.

Njia ya Qurayyat inapita kati ya milima, na nilikuwa nimeipita mara nyingi nikiilalamikia kwamba haina hata jani. Siku ile milima yote ilikuwa ya rangi za rafu yangu. Kutu ilikuja, ikafuatiwa na mdalasini, kisha asali pale jua lilipogonga, na kona moja ilikuwa karafuu tupu, mlima mzima. Niliendesha kama naota. Nilikuwa nikijiuliza kama redio kuukuu ya pikapu imeshautafuna utepe, na kila nikiuwaza utepe umezongana niliongeza mwendo, lakini macho yangu yaliendelea kuokota rangi kana kwamba si ya mtu mwenye shida. Niliyachukia kwa hilo.

Nilimkuta juu ya ngazi, nje ya ghala, anafunga bomba. Aliponiona alishuka haraka na kabla sijasema neno alikwenda kwenye pikapu, akatoa kaseti akiwa ameifunga kwa kitambaa safi.

"Pole sana, mama," akasema. Hakuniita madam tena. "Hii si muziki. Ni mtu anaongea na binti yake."

"Nani kakutuma kusikiliza?" nikamfokea. Nilikuwa sina haki, lakini hasira ilitaka pa kwenda.

"Si ni wewe uliniazima?" alisema taratibu. "Niliposikia nilitaka kuzima, wallahi, lakini nilikuwa kwa zile kona za mlima, mikono yote kwa usukani. Anagomba vibaya. Nikafika pale chini nikanyoosha mkono, upande ukaisha, na hii redio inageuza kaseti yenyewe."

"Huko ni nyimbo."

"Hapana, mama. Huko anaongea pia. Ni yeye yule, lakini sauti imeshuka."

Kulikuwa na harufu ya samaki na barafu, na mtu ndani ya ghala alikuwa akimwita fundi kwa Kiarabu, yalla, yalla. Hakuitikia.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. "Hiyo siwezi kukuambia. Si yangu. Hata kusikia nilisikia kwa makosa, nikasimamisha gari hadi ikaisha. Mpelekee mwenyewe asikie." Kisha akasema, akitazama buti zake, kwamba yeye humpigia mamake kila Jumapili baada ya kanisa, lakini leo atampigia mapema.

Nilimwomba msamaha kwa kumfokea, akasema hamna mushkila. Gari yangu haina mahali pa kaseti, na nilishukuru, kwa sababu ningeshindwa kujizuia. Niliiweka kwenye kiti cha pembeni, nikaifunga mkanda, nikajicheka mwenyewe, nikalia. Kama ningechagua kwa akili, ningeiacha kikapuni, na ingekaa mle mpaka siku ya kugawana vitu vya marehemu.

Mama alikuwa amekaa kitandani, mtandio kichwani, kama anayengoja wageni. Alipoishika kaseti aliipapasa plasta kwanza. Nikamweleza maneno ya fundi.

"Sitaki," akasema. "Upande mmoja ulinitosha."

"Mama, anasema sauti imeshuka."

"Mtoto wa watu, Mkristo wa Kenya, kamsikiliza mama yangu kabla yangu mie?" Akanuna. Akaigeuzageuza kaseti mapajani muda mrefu, mpaka adhana ya alasiri ikaanza na kumalizika. Kisha akanipa. "Haya. Tia."

Niliishusha redio yake ya zamani kutoka juu ya kabati, nikafuta vumbi, nikaitia kaseti upande wa pili. Kwanza ilivuma tu. Jogoo akawika, mahali fulani Unguja, jogoo aliyekwisha kuliwa zamani. Kisha mwanamke akakohoa, na mama yangu akakaa wima.

Yule msafiri, sauti ilisema, safari yake ilivunjika, mzigo kaurejesha. Basi kaseti nnayo tena mkononi. Yale ya upande ule nliyasema na hasira zangu, na kuyafuta sijui, mashine hii ya kuazima. Nimeigeuza tu. Ilinyamaza, tukasikia pumzi zake. Radhi yangu unayo. Siku ile nlipojifungia ulikuwa nayo, nami nlikuwa nimekaa nyuma ya mlango nakusikia. Nlishindwa kufungua, kwa kuwa ningefungua nsingekwachia. Usije ukakaa huko ugenini ukadhani huna.

Mama alikuwa hasogei. Ukungu wa macho yake ulikuwa umejaa maji.

Sauti ikamwita kwa jina la utotoni ambalo mimi sijapata kulisikia, wala baba yangu sidhani kama alilijua. Ikamwita mara ya pili, polepole, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili.

Unanisikia, mwanangu?

Mama akaushika mtandio, akaurudisha vizuri kichwani.

"Abee, mama," akasema.