Tela la Kitanda na Nundu ya Kishapu

Ukifika Shinyanga ukasikia mtu anaitwa Masele Kitanda, usiwaulize wengine, watakuongezea chumvi. Niulize mimi mwenyewe, maana aibu ni yangu na chumvi ninayo ya kutosha. Jina hilo nilibandikwa siku moja tu, mchana kweupe, mbele ya watu ambao kwa makadirio yangu walikuwa Wasukuma wote walio hai, pamoja na wachache waliokufa waliopewa ruhusa waje kutazama.

Enzi hizo Mwingereza bado anatutawala, nami ndiyo kwanza nimehitimu darasa la usiku. Mchana nilikuwa napima pamba kwenye kinu, usiku nasoma kwa taa ya kandili, na nilipopata cheti changu nikawa siwezi hata kuinua ndoo ya maji bila kumweleza aliye karibu habari za wenzo na egemeo (mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa akinijibu, "Inua kwanza, utafundisha baadaye"). Pikipiki pia nilikuwa nayo, mali ya Mzungu mmoja aliyerudi kwao, yenye sauti ya chui na moshi wa garimoshi. Kwa hiyo elimu ninayo, chombo ninacho, nilichokosa ni kimoja tu, kucheza ngoma. Mzee Luhende, manju wetu, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za kundi, alinitazama mara moja tu nilipojipenyeza kwenye mstari wa wachezaji, akasema, "Masele mwanangu, toka. Unacheza kama mtu aliyekanyaga siafu." Tangu hapo kazi yangu ikawa kuwashikia wenzangu mashati.

Sasa, kwetu baada ya mavuno makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, hawa huku na wale kule, wala hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi. Watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu yao. Jua likigusa kilima, upande uliojaza watu ndio ulioshinda, nao wanaondoka na fahali wa mtemi. Ndiyo maana kila kundi huja na kioja chake cha kuvutia watu. Mwaka uliotangulia wenzetu wa Kishapu walikuja na chatu mnene kama gunia la pamba, nasi tukabaki tunawachezea mbwa wawili na bibi mmoja asiyeona vizuri, ambaye naye aliuliza ngoma ziko upande gani, akaelekezwa, akaondoka.

Kwa kuwa akili za darasa la usiku zilikuwa bado zinachemka, nikamwendea Mzee Luhende.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kama ni habari za mstari, jibu ni lile lile."

"Si mstari, baba. Nataka nikuingize uwanjani juu ya tela. Umekaa kama mtemi, umeikumbatia ngoma kubwa, pikipiki inakuvuta, vumbi linatimka."

Akajikuna ndevu. "Halafu?"

"Halafu Kishapu wabaki na chatu wao."

Alicheka mpaka ugoro ukamwagika. "Ukinifikisha uwanjani, Masele, utaingia kwenye mstari. Mwisho kabisa, nyuma ya yule mrefu, lakini utaingia."

Jamani, ningeahidiwa utemi nisingefurahi vile! Nikaenda nyumbani moja kwa moja, nikakitoa nje kitanda cha chuma, nikakipindua, nikakifunga magurudumu ya toroli kuukuu ambalo binamu yangu alikuwa ameliokoa kwenye jalala la mgodi wa dhahabu kule Geita. Mama Kulwa akasimama mlangoni.

"Baba Kulwa, na sisi tutalala juu ya nini?"

"Juu ya sifa!"

"Haya. Lalia sifa wewe. Mimi nakwenda kwa mama." Na akaenda kweli, tena na godoro lake.

Ikabaki sehemu ya kuungia tela na pikipiki. Fundi wa chuma alitaka kunifulia pini ya maana, ila nisubiri mpaka Jumatatu, na safari ilikuwa Jumamosi. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo, mdogo kama kiroboto: nikachukua ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, nikauloweka, nikaliunga tela na pikipiki nao, nikauacha juani ukauke. Kila Msukuma anajua ngozi ya namna hiyo ikikaukia mahali haitoki bila shoka. Ndiyo tunayofungia vigoda, ndiyo tunayofungia mapaa. Nikauvuta, ukalia kama waya wa simu. Nikasema pini ni ya watu wasiosoma.

Jumamosi tukaondoka, wenzetu kwa miguu na baiskeli, mimi na manju kwa tela, na nakuapia lile tela lilikwenda kama limezaliwa na ile pikipiki tumbo moja! Jioni tukapiga kambi ng'ambo ya kijito, uwanja ukionekana upande wa pili, tukachemsha michembe, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, na mimi usiku ule nilijisifu kiasi kwamba hata vyura wa kijitoni walinyamaza wakanipisha. Nilikwisha kuchagua hata shati la kuchezea.

Kesho yake kundi likatangulia kuvuka. Mimi na Mzee Luhende tukajificha kambini na ngoma kubwa, maana mpango ulikuwa tuingie mwisho kabisa, jua likikaribia kilima, tuwakombe watazamaji wote kwa mkupuo. Muda wote huo nilikuwa naipasha ngoma motoni, naigeuzageuza kama chapati, na manju ananikumbusha, "Angalia isiguse maji tukivuka. Ngozi ikilowa inalegea."

"Baba, hilo ni somo la kwanza kabisa," nikamjibu mimi mhitimu, na saa ilipofika nikamwambia aipakate ngoma juu magotini, nikawasha pikipiki, tukaingia kijitoni maji yakiruka pande zote. Ngoma haikupata hata tone. Ukanda je? Ukanda sikuufikiria, kwa sababu mimi nilikuwa nafikiria shati.

Ng'ambo kuna mwinuko mrefu. Kundi letu lilikuwa juu, Kishapu wako bondeni mkono wa kushoto. Tumepanda nusu, watu wameanza kutuona, vigelegele vinapigwa, ghafla nikasikia pikipiki imepata nguvu za ajabu, inapaa kama swala, nami nikajisemea, kumbe chombo nacho kinapenda kutazamwa! Nikaongeza moto. Nikaingia katikati ya kundi letu mkono mmoja hewani, nikazunguka mara mbili nikipunga kama gavana, kisha nikaanza kuona kwamba hakuna anayeshangilia. Yule mrefu wa mwisho wa mstari ndiye aliyeuliza.

"Masele, manju yuko wapi?"

"Nyuma!" nikasema, hata bila kugeuka.

"Nyuma wapi?"

Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na kipande cha ukanda, kinaning'inia kilaini kama utumbo.

Tela lilikuwa linarudi mteremkoni peke yake, kinyumenyume, Mzee Luhende juu yake ameikumbatia ngoma kama mtoto mchanga, likaruka jiwe, likakata kushoto, likapita katikati ya wachezaji wa Kishapu (wakaachana kama kuku), likamkosakosa chatu, ambaye nasikia mpaka leo hali chakula vizuri, likasimama taratibu kabisa katikati ya uwanja wao. Na watazamaji? Wote, wa juu na wa chini, wauza karanga, wachungaji na ng'ombe wao, walikimbilia kule. Kwetu alibaki yule bibi wa mwaka jana, na safari hii hata hakuuliza, alifuata mbio za watu.

Hata hapo pangeweza kuokoleka. Manju angeshuka, apanguse vumbi, arudi juu na umati umfuate. Lakini Mzee Luhende, alipofumbua macho akakuta ameketi juu kuliko wote, ngoma iko mikononi, imepashwa moto ikaiva, na watu wale wote wanamtazama yeye, akafanya ambalo manju yeyote angefanya. Akaimba. Aliimba vile ambavyo sijawahi kumsikia akiimba kwetu. Sisi huku juu tunapiga kelele, "Baba, rudi! Baba, unawaimbia wao!" na yeye anaongeza ubeti. Jua likagusa kilima. Watu wa mtemi wakanyoosha fimbo zao kuelekea Kishapu.

Jilala, manju wa Kishapu, hakuchelewa, papo hapo akanitungia wimbo, unaimbwa mpaka leo kwenye palizi: "Asante Masele, umetuletea manju na kitanda chake, usisahau na blanketi."

Jioni hiyo kambini kwetu niliachiwa moto wangu peke yangu, hakuna aliyenipa hata maji. Ndipo akaja Jilala mwenyewe na wenzake wakiwa na sinia, wakapita katikati ya watu wangu wote, wakaliweka mbele yangu. Nundu ya fahali, nzima, mafuta yanachuruzika.

"Hii ni ya mchezaji wetu bora," akasema kwa sauti ya kusikika kijijini kwao. "Na mwakani, ndugu yangu, nafasi yako mstarini ipo. Kwetu."

Walipoondoka nilibaki natazama ile nyama, nayo inanitazama. Kisha nikasikia hatua za mtu anayechechemea. Mzee Luhende akaketi upande wa pili wa moto, akachomoa kisu, akakata pande la katikati, akala polepole bila kuniangalia.

"Watu wote wale, Masele," akasema mwishowe. "Ningefanyaje?"

"Hata mimi nisingenyamaza, baba."

Akakata tena. "Mwakani utakuja kwa miguu."

"Na mstari?"

"Nimesema utakuja kwa miguu."

Kitanda kilirudi chumbani, kimepinda mguu mmoja, na Mama Kulwa naye akarudi na godoro, kwa sharti kwamba upande uliopinda ni wangu. Nimeapa sitafunga tena chochote kwa ngozi mbichi, hata mbuzi. Na kila mavuno naendelea kuwashikia watu wetu mashati. Ila wakianza kunicheka sana huwa nawakumbusha, kwa upole tu, kwamba Kishapu bado wananisubiri.