Mkono Ulioogopa Kibodi

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilipovua viatu mlangoni pa chumba cha kompyuta nikiwa na maringo yangu yote, na baada ya dakika tano nikavivaa tena sijui uso niuweke wapi.

Nilikuwa kidato cha tatu, katika skuli moja ya wavulana na wasichana huko Tudor. Usinione leo na mvi na miwani ukadhani nilizaliwa navyo. Ilikuwa ile miaka ya tisini, kompyuta hazijaenea, na skuli yetu ilikuwa imepewa sita, zikawekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya vitabu. Sakafu ilipigwa deki kila asubuhi na viatu vyote vilibaki nje, kwa kuwa vumbi, tuliambiwa, ni adui wa mashine. Sisi wasichana tuliingia mle kwa adabu za wageni. Wavulana waliingia kama wenye nyumba.

Kila mashine ilikuwa na kiti kimoja na wanafunzi watano au sita. Kitini alikaa mvulana. Hakuna aliyeamuru hivyo, wala hatukugombana. Tulijiambia kwamba msichana aliyelelewa vyema hajibani bega kwa bega na mvulana mbele ya kioo kidogo, basi tukasimama nyuma, mitandio tumeikaza, madaftari mkononi. Katika kikundi chetu aliyekaa ni Feisal, kijana wa Makupa, mwana wa fundi wa malori. Alipiga vitufe kwa kidole kimoja, kama kuku adonoaye mtama. Akikosea hucheka, kisha hubonyeza tena.

Mimi kazi yangu ilikuwa daftari. Kila amri aliyoitaja Mwalimu Kazungu niliiandika kwa kalamu nyekundu, nikaijua kwa ghibu. Feisal akikwama, nilimwambia kutoka nyuma bonyeza hiki, andika kile, naye alifanya. Basi nilijiona mjanja hasa! Nilijisemea yeye ni mkono tu, mimi ndiye akili. Kumbe akili nyingi huondoa maarifa.

Alhamisi hiyo mwalimu alitupa mtihani, kila mmoja peke yake, kwa dakika tano. Ufungue faili, uongeze majina matatu, uyahifadhi kwenye disketi. Atakayeshindwa ataliacha somo, kwa sababu mashine hazikututosha. Na mimi somo hilo nililitaka kuliko yote, ingawa sikuwa nimemwambia mtu.

Nikakaa. Kiti kile sikuwa nimekikalia hata siku moja. Amri zote nilizijua, wallahi, ningekusomea kama Alhamdu. Lakini mkono uliganda. Niliona nikigusa kitufe kisicho chake mashine itakufa, na skuli nzima itasema ni yule msichana wa Mji wa Kale aliyeiua. Dakika tano zikaisha kioo kikinitazama nami nikikitazama.

Aliyefuata ni Feisal. Alifungua faili, akaandika majina, kisha akasahau namna ya kuyahifadhi, maana nyuma yake hapakuwa na mtu wa kumnong'oneza. Naye alishindwa. Sasa sikiliza vizuri, mwanangu, hapa ndipo penye hadithi. Mwalimu alimwambia Feisal hakusoma, akasome, arudi. Mimi alinigeukia kwa upole, na hakuwa mtu mbaya, akasema, "Usijali, Rukia. Wasichana na mashine hawaelewani, ni maumbile. Nitakuhamishia sayansi kimu."

Tumekosa sote wawili. Yeye alikosa kwa sababu hakusoma, mimi nikakosa kwa sababu ni msichana! Na unajua nilifanya nini? Nilimshukuru. Hilo ndilo linalonitia haya mpaka leo, wala si ile sifuri.

Nilikwenda nyumbani na fomu ya kubadilisha somo. Aliyenilea ni nyanyangu, Bi Zuhura, na nyumba yetu ilikuwa Kuze, humo Mji wa Kale. Kazi yake ilikuwa kushona kofia kwa mkono, zile nyeupe za vitundu vidogo, kila kitundu kinatobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka nakshi ikamilike. Macho yake yalikuwa yamechoka, basi tangu nina miaka saba mimi ndiye niliyemtungia uzi na kumhesabia vitundu. Nilimkuta barazani na kitambaa chake magotini. Nikampa shikamoo, nikaketi, nikamwambia mambo ya kompyuta ni ya wavulana, sisi wasichana twayaogopa, kwa hivyo aweke kidole gumba hapa.

Hakuitazama fomu. Alinisukumia kitambaa na sindano, akaniambia nishone.

Mimi? Nilicheka. Nakshi ile niliijua yote, kitundu kwa kitundu. Nikatoboa cha kwanza, kikaenda upande. Cha pili kikapasuka. Cha tatu nilijichoma kidole, na tone la damu likaingia katika kitambaa alichokishughulikia siku nyingi. Nikaanza kulia. Nyanya hakunibembeleza, hakuwa na tabia hiyo.

"Jicho halishoni, Rukia," akasema. "Miaka tisa wanitazama, na sindano hujaishika. Huo si uoga wa kike, ni mkono usiofanya kazi. Na kofia hizi huvaa nani? Wanaume. Na wazishonao ni nani? Basi usiniambie kitu ni cha fulani, niambie mkono uliokishika ni wa nani."

Fomu aliikunja akaitia chini ya mkeka. Kesho yake alivaa buibui lake, akashika njia ya Bondeni mpaka Tudor kwa miguu, mimi nyuma yake natamani ardhi inimeze. Alimwamkua mwalimu, akamuuliza hali, akamuuliza wazee wake, akamuuliza mvua za kwao Kaloleni, mpaka mwalimu mwenyewe akamvutia kiti. Ndipo aliposema haja yake, kwamba wasichana wapewe siku yao moja kwa wiki, baada ya masomo, na kila mmoja akae kitini.

Mwalimu alikuwa na hofu mbili. Kwanza, mashine zitaharibika. Pili, wazazi wa mjini hawatakubali binti zao wabaki skuli mpaka alasiri.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mwanangu," nyanya akamjibu. "Na wazazi niachie mimi."

Alipita nyumba kwa nyumba. Sijui kila mama alimwambia nini, lakini neno moja lilirudi kwetu kutoka kila nyumba: Bi Zuhura mwenyewe atakaa mlangoni. Na kweli alikaa. Kila Jumatano, miezi miwili, nyanyangu alikuwa juu ya bao la nje, ule ubao mrefu wa kukalia, viatu vyetu sisi wasichana kumi na mmoja vimejipanga miguuni pake, jozi kwa jozi, anashona kofia. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini hakuna mwanamume aliyepita pale bila kuulizwa aendako.

Jumatano ya kwanza nilibonyeza nisichokijua, kioo kikawa cheusi tititi. Nikapiga ukelele. Nyanya akauliza kutoka nje kama imekufa. Mwalimu alikuja, akazima, akawasha, mashine ikaamka. Nilicheka mpaka machozi. Kumbe ndiyo hiyo iliyonitia baridi siku ile! Tangu hapo vidole vyangu havikuomba ruhusa tena.

Feisal naye hakuwa mjinga. Alinijia siku moja kwenye kivuli cha ukuta, haya zimemjaa, akaniomba daftari. Nikamwambia daftari nitakupa, nawe darasani utanipa kiti, zamu kwa zamu. Akakubali. Tangu hapo alijifunza kuandika amri daftarini, nami nikakaa kitini.

Mtihani uliporudiwa tulipita sote kumi na mmoja, na Feisal akapita. Mwalimu Kazungu alisimama mbele ya darasa zima akasema, "Mimi nilisema ni maumbile. Nilikosea." Mwanangu, mtu mzima akisema neno hilo mbele ya watoto, mheshimu. Mimi namheshimu mpaka leo.

Nilitoka mbio. Nyanya hakuniuliza alama. Aliushika mkono wangu, akaugeuzageuza, akautazama kama anayechagua samaki sokoni. Kisha akaniwekea kofia kiganjani. Ni ile ile! Damu ameifua, nakshi ameitimiza yote, isipokuwa mstari mmoja wa mwisho. Vitundu vyangu vitatu vya upande hakuvigusa.

"Huu ni wako," akasema. "Malizia."

Nikakaa juu ya bao kando ya viatu, nikamalizia.

Kofia hiyo ndiyo unayoiona ukutani hapa darasani kwangu Bondeni, juu ya kompyuta ishirini ninazofundishia, nanyi kila mwaka mwaniuliza kwa nini ina kombo. Sijawahi kuinyoosha wala sitainyoosha. Najivunia kombo ile kuliko cheti chochote nilicho nacho.

Basi nasaha yangu ni hii. Wewe binti, heshima yako haimo katika kusimama nyuma. Vaa mtandio wako, kaa kitini, ubonyeze, ukosee, ubonyeze tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na wewe kijana, ukijiona umekalia kiti saa nzima, geuka utazame nani amesimama nyuma yako na daftari. Na siku mtakapokuwa walimu na wazazi, mtoto akikosa, mwulizeni kwanza ameshika mara ngapi, kabla hamjamwambia alivyoumbwa.

Mwenyezi Mungu akupe mkono usioogopa, mwanangu, na akujaalie mtu wa kukukalia mlangoni mpaka umalize. Na siku yako ikifika, akujaalie wewe uwe ndiye unayekaa juu ya bao, ukilinda viatu vya wengine. Amin.